Mgeni Asiyevua Helmeti

Kaka yangu aliamua kwamba mgeni wa filamu yetu asivue helmeti tangu mwanzo mpaka mwisho, na waliotuchangia wakadhani ni ufundi wa hadithi. Wala. Msichana aliyekuwa ndani ya ile helmeti alikuwa Mrundi, akilala chumba kimoja na mimi, hana kibali cha kukaa nje ya kambi ya wakimbizi. Uso wake ungeonekana na mtu asiyefaa, angechukuliwa, na mama yangu angeulizwa kwa nini alimficha.

Nilikuwa nimemaliza mitihani ya kidato cha tatu. Likizo ile sikuweza kutulia. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nikisimama, natembea kutoka mlango wa mbele hadi wa uani na kurudi. Mama akaniuliza, "Wewe umekalia siafu?" Sikumjibu, kwa sababu mimi huwa sijibu. Kaka alizoea kuniita Bubu. Mbele za watu ulimi wangu unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe, halafu usiku naandika yote niliyotaka kusema mchana, na mengine niliyoshukuru kwamba sikuyasema.

Kaka alikuwa mpiga video wa harusi. Ujiji nzima na nusu ya Mwanga, hapa Kigoma, walishapita mbele ya kamera yake wakila pilau na kupangusa midomo. Alichoka. Alitaka kutengeneza filamu ya watu wa angani, ya kwanza kutoka ziwa letu. Hadithi niliandika mimi, ingawa jina lililopo kwenye filamu ni lake. Kuna sayari imekaukiwa maji. Anatumwa mmoja kwenda kutafuta. Chombo chake kinaanguka katika Ziwa Tanganyika, anaibuka ufukweni na kukuta maji mengi kuliko aliyowahi kuyaota, lakini hajui aombe kwa nani. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Haina mapigano, na kaka alinuna siku mbili kwa sababu hiyo.

Chombo kilikuwa nusu ya tangi la maji lililopasuka, tukalipaka rangi ya fedha ile ya kupaka nondo za madirisha. Nguo ya mgeni ilikuwa ovaroli ya fundi gereji, nayo tukaipaka rangi hiyohiyo. Ilipokauka ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Ukitembea nayo inalia kwaru, kwaru. Helmeti ilikuwa ya bodaboda, yenye kioo cheusi. Kaka alikuwa hajampata wa kuvaa vitu hivyo mpaka siku alipomwona yule dada Mrundi akikatiza uani na ndoo ya maji. Alikuwa anakanyaga taratibu, mguu mmoja unatua, anasubiri kidogo, ndipo anauleta wa pili. Kaka akaacha kula.

"Rudia," akamwambia.

"Nirudie nini?"

"Kutembea."

Mama akatoa kichwa jikoni. "Na uso wake? Unataka kuniingiza matatani?"

"Mama, hauonekani. Mgeni havui helmeti. Na hasemi."

Ndivyo ilivyoamuliwa.

Huyo dada alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Mama alikuwa akifuata dagaa Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, kwa miaka mingi, na mama wa dada alikuwa akivuka mpaka kuleta maharage. Wakauziana, wakakopeshana, wakaishia kuitana ndugu. Vurugu zilipoanza kwao na watu wakafurika Kagunga, mama alikwenda kufuata dagaa akarudi na msichana mwenye homa. Mama yake alipakiwa kwenye meli na watoto wadogo kuletwa Kigoma, kisha mabasi hadi kambini, upande wa Kasulu. Alikuwa amemwambia mama, "Dada, huyu ataniishia njiani. Mchukue, akipona utaniletea." Alipona. Tukakawia kumpeleka. Kwanza ilikuwa mvua, kisha barabara, kisha hatukutafuta tena sababu. Mtaani kwetu hakuna anayeuliza sana mtu katoka wapi. Bibi yangu mwenyewe alivuka kutoka Kongo. Wanaouliza ni wale wanaolipwa kuuliza.

Pesa ndiyo iliyotuponza. Kaka alianza kisasa: akaweka video fupi mtandaoni akiwaomba wapenda filamu wa dunia nzima wamchangie. Alishinda akichungulia simu. Aliyejibu ni mtu mmoja tu, na alikuwa anauza dawa ya kuotesha nywele.

"Kwani harusi zinafanywaje?" mama akamuuliza.

Kaka akamwendea mama mmoja mwenye duka la vitenge sokoni Mwanga. Hakuna harusi iliyowahi kukwama mikononi mwake. Ukimwona anakuja na begi lake jekundu, unajua unachanga. Nilifuatana na kaka kubeba ile helmeti.

"Bibi harusi nani?" akauliza kabla hatujakaa.

"Shikamoo mama. Hakuna bibi harusi. Ni filamu."

"Marahaba. Kila shughuli ina bibi harusi, mwanangu. Nani anaangaliwa?"

Kaka akafikiri. "Mgeni. Anatoka majini."

"Haya. Huyo ndiye bibi harusi. Tuendelee."

Akawa Mwenyekiti. Likafunguliwa grupu kwenye simu, watu wakaingizwa wakijua na wasiojua. Kaka akachapisha kadi. Hakujua kadi nyingine zaidi ya zile za harusi, akafuta pete akaacha maua, na chini akasahau kufuta pale palipoandikwa "Singo" na "Dabo". Kwa hiyo wenye ndoa wakachangia dabo. Shangazi wa Simbo akaleta kuku. Hata mtumishi mmoja wa ofisi ya vibali vya wageni, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa, akachangia dabo, yeye na mkewe, kwa sababu mkewe alikuwa mteja wa vitenge na kwa Mwenyekiti hakuna mteja anayetoka hivihivi. Siku nilipoliona jina lake kwenye grupu nilikwenda chooni nikakaa huko. Kaka akasema, "Bubu, tulia. Amechangia tu. Nani anakuja kuangalia filamu ikipigwa?"

Hilo ndilo kosa letu, na sijui kama mahali pengine lingetokea. Mtu akichangia harusi haulizi kama amealikwa.

Siku ya kupiga sehemu ya ufukweni tulikwenda upande wa kusini wa Ujiji, palipo na majabali na mitumbwi michache. Kaka alitaka ufukwe uwe mtupu. Mgeni anaibuka, anaona dunia haina mtu. Tulikuwa bado tunasukuma tangi majini niliposikia vigelegele. Walikuwa wanashuka kutoka barabarani, akina mama wameshona sare, kitenge cha njano chenye picha za tausi, waume zao wamechomekea mashati. Mwenyekiti mbele na begi jekundu. Mmoja alikuwa na hotipoti kichwani.

"Mama, mmekuja wote?" kaka akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Tumechanga wote."

Kaka akawapanga nyuma ya kamera, akawasihi wanyamaze. Dada akaingia majini hadi kifuani, akachuchumaa, akapotea. Moshi wa makumbi uliokuwa unafuka kwenye debe ukapita juu ya maji. Halafu helmeti ikaibuka, mabega yakafuata, na akaanza kuja. Anatua, anasubiri, analeta wa pili. Maji yanamtiririka kwenye rangi ya fedha. Nakwambia hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja alishika sketi ya mama yake na kurudi nyuma. Mimi niliyeandika ile hadithi nilitaka kumkimbilia nimwambie maji ni yako, chota.

"Kata!" kaka akasema.

Vigelegele vikalipuka. Na baada ya vigelegele, sauti moja, kisha zote: "Tumuone! Tumuone!"

"Hapana jamani, hadithi inasema havui," kaka akasema.

Mwenyekiti akacheka, akajipepea kwa mtandio. "Mwanangu, mtu hachangii kofia. Tumechangia bibi harusi, tunamfunua."

"Kweli!" mwanamume mmoja akadakia. "Isije ikawa humo ndani kuna dume."

Wakacheka. Yule mtumishi wa vibali alikuwa pembeni na miwani yake ya jua, naye anacheka kama wengine, mikono mfukoni, mtu aliyekuja kupunga upepo Jumapili yake. Mkewe kasimama kando yake na sare ya njano.

"Hadithi kaandika nani, aje abadilishe," akasema Mwenyekiti.

Kaka akanitazama. "Mdogo wangu."

Watu wote wakageuka. Nilihisi masikio yanawaka. Nikamtazama dada, nikaona mikono yake inapanda kwenye mkanda wa helmeti. Nilidhani anaukaza. Baadaye aliniambia hakuwa anaukaza. Alikuwa anaufungua. Alikuwa amechoka, alisema, tangu aje Ujiji watu walikuwa wanaangalia uso wake na kujifanya hawajauona, na hawa angalau walikuwa wanautaka.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, ilikuwa nyembamba mno: "Bibi harusi hafunuliwi juani, mbele ya wanaume."

Halafu bibi mmoja akasema, "Hapo kasema. Mtoto ana adabu huyu."

"Kweli, kweli," wengine wakaitikia.

Kaka akavuta pumzi. Nami nilijiona mwerevu, mpaka Mwenyekiti alipofunga begi lake na kusema, "Basi twende nyumbani kwao, tukamfunulie ndani. Akina mama tu."

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Walijaa chumbani kwetu, kwenye vitanda, kwenye ndoo zilizogeuzwa, mlangoni. Mke wa mtumishi akapewa kiti, kwa kuwa ndiye mgeni hapo. Mama alisimama ukutani, rangi imemtoka. Dada alikaa kwenye mkeka, helmeti kichwani, ovaroli inachuruza maji. Mwenyekiti akaiondoa polepole kama anavyoondoa shela. Uso ulikuwa na jasho, nywele zimelala, alama nyekundu ya mkanda kidevuni. Nilikuwa nalala naye kila siku na sikuwa nimemtazama hivyo. Alikuwa mzuri. Naandika ukweli: nilimwonea wivu hata wakati ule.

"Mashallah!" Vigelegele.

Mke wa mtumishi akainama. "Hujambo binti."

"Shikamoo mama."

Maneno mawili tu, lakini aliyasema kwa namna ya kwao, na mke wa mtu wa vibali hula chakula cha mchana na habari za vibali. Akanyanyua macho akamtazama mama yangu.

"Binti wa nani huyu?"

"Wangu," mama akasema.

Majirani zetu wote mle walijua. Mwenyekiti alikuwa ameshika helmeti tumboni. Mke wa mtumishi akafungua pindo la mtandio wake, akatoa noti, akaikunja na kuichomeka kwenye kola ya ovaroli. "Kwetu, aliyeona uso hatoki mikono mitupu," akasema. Akina mama wakapumua, wakaanza kutunza, wakaimba, hotipoti ikafunguliwa. Nilidhani imekwisha.

Siku mbili nilishinda dirishani. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo niliichungulia. Dada ndiye aliyekuwa anacheka. "Wewe mtoto, utajikojolea. Njoo tusuke nywele." Alikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Alikuwa anasubiri kupiga sehemu ya mwisho, mgeni anaporudi majini na kidumu cha maji mkononi. Alinisumbua kila asubuhi: lini, lini.

Halafu mke wa mtumishi akaja mwenyewe, mchana, hana sare, kajifunika kanga. Akakataa kukaa.

"Mama," akamwambia mama yangu, "kuna mmoja mle ndani alipiga picha. Kaiweka kwenye grupu. 'Bibi harusi wetu wa angani.' Mume wangu yumo kwenye grupu. Nimeifuta kwenye simu yake alipokuwa anaoga, lakini grupu lina watu wangapi? Leo kesho mtu atamwonyesha. Na akishaonyeshwa, hawezi kusema hajaona. Ni kazi yake."

"Nifanye nini, dada yangu?"

"Apelekwe kabla hajaulizwa. Anayekwenda mwenyewe kwa mama yake haulizwi mengi. Nawe hutaulizwa."

Akaondoka bila hata kunywa maji. Mama akakaa kwenye ngazi ya jikoni.

Dada alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Alitoka akiwa na helmeti mkononi. "Oya," akasema, ile hapana ya kwao. "Filamu haijaisha. Nimalizie. Siku moja tu."

"Mwanangu…"

"Siku moja! Huko nikienda nitakaa kwenye hema, nitapanga foleni ya unga. Hapa nina kazi. Watu wamenishangilia."

Kaka naye akaingia, akaanza kusihi upande wake: sehemu moja tu, kesho alfajiri, saa moja inatosha. Na mimi nilikuwa hapo. Nilitaka abaki kwa sababu nampenda, na nilitaka abaki kwa sababu ya filamu, na sikuweza kuzitenganisha hizo mbili. Mama akawatazama wote wawili.

"Kama ni kufungwa, nitafungwa mimi," akasema. "Sikatai. Lakini mama yake nilimwambia akipona nitamletea. Amepona lini?"

Dada akainamisha kichwa. Akaweka helmeti juu ya meza, taratibu, akanigeukia mimi.

"Vaa."

"Mimi?"

"Nani mwingine ile nguo itamtosha? Vaa nikufundishe."

Tulifundishana uani mpaka vivuli vikafika ukutani. Ndani ya helmeti palinuka jasho lake na moshi. Nilitembea, akashika kiuno akacheka kwa uchungu.

"Unatembea kama unaiomba ardhi radhi. Usiombe. Tua. Subiri. Angalia kama pana nafasi. Sasa lete wa pili."

"Nafasi ya nini? Uani patupu."

"Kagunga watu walilala mpaka ukingo wa maji," akasema. "Ukitaka kwenda kujisaidia unapita juu yao. Unatua mguu, unasubiri kama kuna mkono, kama kuna mtoto, ndipo unaleta mwingine. Nilidhani nimeacha. Kaka yako ndiye aliyeniambia kwamba bado natembea hivyo."

Nikarudia. Nikarudia tena. Hakuniambia nimepatia.

Asubuhi mama alimpeleka kituo cha mabasi. Alivaa gauni langu la Idi. Kaka alimpa mkono badala ya kumwangalia. Mimi nilikuwa nimeandika maneno mengi ya kumwambia, nikasema, "Ukifika salimia." Akasema, "Kina nani? Huwajui." Tukacheka, basi likaondoka.

Sehemu ya mwisho niliicheza mimi. Safari hii kaka hakutangaza siku kwenye grupu. Maji yalikuwa baridi, kidumu kilikuwa kizito, na ndani ya kile kioo cheusi nililia kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona. Kaka alisema "kata" mara nyingi. Mwishowe akasema, "Basi, inatosha," kwa sauti ambayo haikumaanisha inatosha.

Filamu ilionyeshwa kwenye banda la video pale Mwanga. Walikuja dabo wote, na sare. Mgeni alipoibuka majini hakuna aliyekohoa, kama siku ile. Lakini alipochukua kidumu na kuanza kurudi, minong'ono ikaanza.

"Mbona kabadilika mwendo?"

"Si kachoka. Dunia yetu ina uzito, wenzako kule wanaelea."

"Kachoka wapi! Yule wa kwanza alikuwa anakanyaga kama malkia, huyu kama anakwenda kuitwa ofisini kwa mwalimu."

Wakacheka, na nilicheka nao gizani, uso unawaka. Mwisho ulipofika na helmeti haijavuliwa, wanaume wakalalamika. Mwenyekiti akawanyamazisha: "Sisi tulishamuona. Tulieni."

Nje, watu wakimpa kaka mkono, yule mtumishi wa vibali akasogea. Hakuwa na miwani safari hii. Mkewe alisimama nyuma yake akiangalia chini.

"Kijana, hongera. Kazi nzuri," akasema. "Yule msichana wa mwanzo yuko wapi? Wa mwanzo, si huyu wa mwisho."

Kaka akamtafuta mama kwa macho. Mama hakuwepo karibu. Nikaona ni mimi.

"Kwa mama yake," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Sijui kama aliwahi kuonyeshwa ile picha, na sitajua.

"Vizuri," akasema, akamshika mkewe mkono wakaondoka.

Vizuri. Nimelibeba neno hilo tangu pale mlangoni. Kaka alimpelekea dada filamu kwenye kadi ndogo ya simu kupitia mfanyabiashara wa mawese anayekwenda Kasulu, na jibu lililorudi lilikuwa kwamba kambini wameitazama watu wengi kwenye simu moja, wakagombania, na mama yake aliposhangilia kuona binti yake akitoka majini, wenzake walimwuliza anajuaje ni yeye, na uso haupo. Akawaambia, angalieni miguu. Yule mwingine mwenye kidumu, alisema, simjui, lakini na yeye mwacheni anywe.